Weusi wa Rupia, Kijani cha Hela

Katika masanduku ya familia nyingi, pwani na bara, zimo sarafu ambazo hazinunui kitu tena. Kuna rupia za fedha za Mjerumani zenye sura ya Kaisari Wilhelm II aliyevaa kofia ya vita yenye tai utosini. Kuna hela za shaba zilizopigwa kati ya mwaka 1904 na 1913, pesa za Sultani Barghash wa Unguja zenye picha ya mizani na mwaka 1299 wa Hijria, riale za Maria Theresa ambazo zote zimeandikwa 1780 hata zile zilizopigwa zaidi ya karne moja baadaye, shilingi za simba na senti za tundu. Mwenye sanduku akifariki, mrithi hulifungua, hukuta vipande vyeusi na vya kijani, na wazo la kwanza linalomjia ni kuvisafisha. Ndimu ipo jikoni, majivu yapo jikoni, dawa ya meno ipo bafuni. Baada ya robo saa sarafu zinang'aa, na kile ambacho mnunuzi, mtafiti au mjukuu angekitafuta juu yake kimekwenda na maji machafu.

Sarafu za namna hiyo nimeziona nyingi, na kila mara huniuma, kwa sababu aliyezisugua alifanya hivyo kwa mapenzi. Nia alikuwa nayo. Maelezo ndiyo aliyoyakosa. Kwa hiyo tuanze mwanzo kabisa, kwenye swali ambalo kwa kawaida hatuliulizi kwa kuwa tunadhani jibu lake tunalijua: huo uchafu ulio juu ya sarafu ni nini hasa?

Vumbi ni uchafu. Mafuta ya vidole, matope, nta ya mshumaa, gundi ya karatasi aliyoibandika mtu zamani, vyote hivyo ni uchafu. Vimetoka kwingine, vikatua juu ya sarafu, na vikiondolewa sarafu inabaki kama ilivyokuwa. Weusi wa rupia si wa jamii hiyo. Weusi ule ni fedha. Ni atomi zilezile zilizotiwa kwenye rupia kiwandani, ila sasa zimeshikana na kitu kingine na kubadilika rangi. Kijani cha hela nacho ni shaba ya hela ileile. Ukikikwangua, umekwangua tabaka la juu la sarafu yenyewe, na tabaka la juu ndilo lenye maandishi, picha na tarehe. Chini yake hakuna kitu cha kusoma.

Ili tuone jinsi jambo hilo linavyotokea, tushuke hadi kwenye atomi. Atomi ya metali ina elektroni za nje ambazo haizishikilii kwa nguvu sana. Oksijeni, salfa na klorini, kwa upande wao, ni wavutaji wa elektroni. Wakikutana, metali hutoa na hao wengine hupokea, na katika makabidhiano hayo huzaliwa kitu kipya ambacho si metali tena: hakina mng'ao wake, hakipindiki, mara nyingi ni gamba au unga. Hiyo ndiyo kutu kwa maana yake pana. Kinachotofautisha metali moja na nyingine ni wepesi wa kutoa. Dhahabu haitoi kirahisi, na ndiyo maana dinari ya dhahabu ikifukuliwa baada ya miaka 700 huweza kutoka ardhini ikiwa bado ya njano. Fedha haijali oksijeni ya hewa ya kawaida, lakini salfa huishinda. Shaba hutoa kwa wote watatu. Aluminiamu hutoa upesi kuliko zote hizo, ila oksaidi inayozaliwa mwanzo huwa ngozi nyembamba, ngumu, inayoziba njia, na kazi husimama hapo.

Ngozi hiyo ina adui, naye ni chumvi. Mwaka 1907 na 1908 Waingereza walitoa senti za aluminiamu kwa ajili ya Afrika Mashariki na Uganda. Katika nchi ya joto, unyevunyevu na jasho la mikono, sarafu hizo zililiwa, na kuanzia mwaka 1909 zikapigwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Ukikutana leo na senti moja ya wakati ule, yatazame madoa yake meupe: chini ya kila doa pana kishimo. Hakuna dawa ya kusafisha inayojaza shimo.

Turudi kwenye rupia. Ina uzito wa gramu 11.66, na sehemu 917 katika kila 1,000 ni fedha; iliyobaki ni shaba. Salfa ya kuitia weusi haitoki mbali. Aliyewahi kupita kwenye mikoko maji yakiwa yamekupwa anaijua harufu ya mayai viza inayopanda kutoka kwenye matope. Hiyo ni gesi ya haidrojeni salfaidi, kazi ya bakteria wanaoishi mahali pasipo na oksijeni. Gesi hiyohiyo, kwa kiasi kidogo ambacho pua haikisikii, hutoka kwenye mashimo ya vyoo na vyakula vinavyooza. Mpira na sufu navyo huachia hewani aina zake za salfa. Sarafu zilizofungwa kwa mpira mwembamba huweza kutoka na mstari mweusi palipopita mpira, na mstari huo haufutiki bila kuondoa fedha. Kwa msaada wa oksijeni na unyevu wa hewa, kila atomi 2 za fedha hushikana na atomi 1 ya salfa. Kinachopatikana huitwa salfaidi ya fedha.

Haianzi ikiwa nyeusi. Mwanzoni uso huwa na umanjano wa dhahabu hafifu, kisha kahawia, kisha zambarau na bluu, ndipo hufika kwenye kijivu na weusi. Rangi hizo za kati hazitokani na wino wowote ndani ya kutu. Tabaka likiwa jembamba sana, mwanga hugonga uso wake wa juu na kurudi, na mwanga mwingine hupenya, hugonga fedha iliyo chini na kurudi pia. Miale hiyo miwili ikikutana njiani, baadhi ya rangi huongezeana nguvu na nyingine huuana, kama unavyoona rangi za tone la mafuta ya gari lililotandaa juu ya dimbwi. Unene ukibadilika kidogo, rangi hubadilika. Ndiyo kusema kwamba mkusanyaji mwenye jicho anapoona duara la bluu likizunguka ukingo wa rupia na katikati ni dhahabu, anasoma kumbukumbu ya miaka mingi ya hewa iliyoingia taratibu kutoka pembeni. Wako wanaoilipia kumbukumbu hiyo zaidi ya wanavyolipia sarafu nyeupe.

Tupige hesabu kidogo, maana inasaidia. Atomi ya fedha ina uzito wa karibu 108 kwa kipimo cha wanakemia, na ya salfa 32. Fedha 2 na salfa 1 ni 216 na 32, jumla 248. Kwa hiyo asilimia 87 ya kile kitu cheusi, kwa uzito, ni fedha. Sasa chukua rupia yenye kipenyo cha milimita 30, na tuseme tabaka lake la kutu lina unene wa sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Pande zote mbili zina eneo la karibu sentimita 14 za mraba. Ukizidisha na kuzingatia uzito wa vitu vyenyewe, fedha iliyomo kwenye kutu yote hiyo haifiki hata miligramu 1.

Mtu atauliza, na ana haki ya kuuliza: kama ni miligramu 1 tu, hasara iko wapi? Kwenye mizani haipo. Iko kwenye uso. Sarafu hupigwa kwa mhuri wa chuma kigumu kwa nguvu kubwa, na kwa dakika ile metali husukumwa ikatiririka kutoka katikati kwenda ukingoni hata kama ni ya baridi. Mtiririko huo huacha mistari midogo sana inayoelekea ukingoni, ambayo jicho haliitofautishi mmoja mmoja, lakini mwanga huiona: sarafu isiyotumika ukiigeuza chini ya taa, mkanda wa mwanga huzunguka nayo. Huo ndio mng'ao wa kiwandani, na kimo cha mistari yake hupimwa kwa vipande vya elfu vya milimita. Tabaka jembamba la salfaidi hufuata umbo la mistari na kuifunika bila kuiharibu sana. Kitambaa chenye dawa ya kung'arisha huikata vilele. Sarafu hung'aa tena, ndiyo, lakini kwa mng'ao wa bamba lililopigwa msasa, na ule wa kwanza haurudi kwa dawa yoyote duniani.

Shika lenzi ya kukuza mara 10 na uweke rupia mbili kando kwa kando chini ya taa moja, moja iliyoachwa na moja iliyosuguliwa. Kwenye ile iliyoachwa, weusi umejaa kwenye vibonde vinavyozunguka herufi na umepungua kwenye shavu la Kaisari, ambako vidole vya watu viligusa zaidi. Kwa sababu hiyo herufi zinasimama na masharubu yanahesabika. Kwenye ile iliyosuguliwa utaona mikwaruzo mingi iliyolala sambamba, inayokata uwanja, kupanda juu ya herufi na kushuka upande wa pili bila kubadili njia, kwa sababu ni njia ya mkono mmoja uliokwenda na kurudi. Ndani ya tundu la herufi R kumebaki unga mweupe wa dawa ya meno. Fedha ina ugumu wa karibu 2.5 kwenye kipimo cha Mohs, shaba 3, na chembe ya mchanga 7. Majivu yana chembe za silika ndani yake. Waya wa kusugulia masufuria ni chuma. Hapo hakuna mashindano.

Wapo wanaojua njia ya pili, ya karatasi ya aluminiamu, maji ya moto na magadi ya kuokea. Kisayansi ni njia nzuri kuitazama. Aluminiamu, tulivyosema, ni nyepesi kutoa elektroni. Ikigusana na fedha ndani ya maji hayo, elektroni zake hupita na kuirudishia fedha zile ilizonyang'anywa. Salfa huachwa huru, na chumba hunuka mayai. Hakuna msuguano, hakuna fedha inayomwagwa. Lakini fedha iliyorudi haikurudi mahali pake ilipotoka. Imetua kivyake, punje punje, na uso hubaki mweupe usio na uhai. Kwa vijiko vya mezani sina neno. Kwa sarafu, sikushauri.

Shaba ni kesi nyingine, na ndiyo inayonitia hofu zaidi kwa sarafu za kwetu. Hela ya mwaka 1905 iliyotunzwa vizuri ina rangi ya kahawia iliyokolea, laini, isiyo na madoa. Hiyo ni oksaidi ya shaba, tabaka lililoshikamana sana na metali, na likishajengeka hupunguza kasi ya oksijeni kufika ndani. Sarafu ikikaa kwenye unyevu, hewa ya kaboni dayoksaidi nayo hujiunga, na juu ya kahawia hutokea kijani kigumu cha kabonati, kinachofanana na kile kinachoonekana kwenye mapaa ya shaba ya majengo ya kale. Kahawia na kijani kigumu ni ngozi ya sarafu. Inaikinga.

Ndimu huichuna ngozi hiyo. Asidi yake huyeyusha oksaidi na kabonati na kuacha shaba uchi, yenye rangi ya waridi ambayo hela haikuwa nayo hata siku ilipotoka kiwandani. Akina bibi wa Lamu na Unguja wamesafisha masinia na madele ya kahawa kwa ndimu na majivu vizazi kwa vizazi, na hawakukosea hata kidogo: sinia ni nene, kazi yake ni kung'aa mbele ya wageni, na likichakaa litatengenezwa lingine. Kwenye hela, maandishi yote yamo ndani ya kimo kisichofika nusu milimita. Na wengi huongeza chumvi kwenye ndimu ili ifanye kazi upesi. Hufanya kazi upesi kweli. Ila chumvi ni kloraidi ya sodiamu, na kloraidi ndiyo kitu cha mwisho unachotaka kukiingiza ndani ya shaba.

Hapa naomba msomaji awe na subira, kwa sababu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika utunzaji wa sarafu za pwani. Kloraidi ikiingia kwenye shaba, iwe kwa upepo wa bahari, udongo wa ufukweni, jasho au ndimu yenye chumvi, hushuka hadi chini ya kutu na kukaa pale kutu inapokutana na metali nzima. Hapo hutengeneza kloraidi ya shaba, kitu cha kijivu, chororo, kinachofanana na nta. Pakiwa pakavu, hulala. Pakipata maji na oksijeni, hata maji ya hewani tu, huamka na kugeuka unga wa kijani hafifu, na katika kugeuka huko huachia asidi ya haidrokloriki. Asidi hiyo hula shaba mpya iliyo jirani na kutengeneza kloraidi ya shaba nyingine. Nayo hupata maji na oksijeni, hugeuka unga, huachia asidi. Kloraidi iliyofanya kazi jana hufanya kazi tena leo. Ndiyo maana kiasi kidogo tu cha chumvi, kikipewa muda na hewa ya baharini, huweza kuitoboa sarafu nzima. Wahifadhi huuita ugonjwa wa shaba, japo hauna kidudu wala homa.

Kuutambua si kazi ngumu. Chukua kijiti cha kuchokolea meno na uguse pale penye kijani. Kijani kilichokolea, kigumu, kilichokwenda sawa na uso, kisichotoka kwa kijiti, ni ngozi, kiache. Kijani cheupecheupe, cha unga, kilichojitokeza kwa madoa madoa na kuinuka juu ya uso, kinachobaki kwenye ncha ya kijiti na kuacha shimo, kisha baada ya siku chache za unyevu kikarudi palepale, huo ndio ugonjwa. Kinachouwasha na kuuzima ni unyevunyevu. Hewa ikiwa na unyevu chini ya asilimia 42 hivi, kloraidi ya shaba hubaki imelala. Dar es Salaam, Mombasa na Unguja mara nyingi hupita asilimia 70. Sarafu iliyolala salama miaka mingi kwenye nchi kavu inaweza kuamka ikiletwa Tanga.

Wahifadhi wa makumbusho wana tiba kadhaa, na mojawapo ina uhusiano na sisi ambao sijaona ukitajwa vya kutosha. Huiloweka sarafu kwenye maji safi yaliyochanganywa na asilimia 5 ya seskikabonati ya sodiamu. Maji hayo si ya asidi. Yana tabia ya kinyume chake, kwa hiyo huizima asidi iliyomo na kuivuta kloraidi itoke polepole. Hubadilishwa mara kwa mara, na kazi huchukua majuma, pengine miezi, hadi vipimo vionyeshe kwamba kloraidi imekwisha kutoka. Sasa, seskikabonati ya sodiamu ni nini? Ni madini ya trona, yaleyale yanayofunika Ziwa Magadi nchini Kenya. Ni magadi. Lakini usikimbilie sokoni, kwa maana magadi ya ziwani huwa na chumvi ya kawaida ndani yake, na kuloweka sarafu humo ni kuitia ugonjwa kwa mkono wa kuitibu. Inayotumika maabara ni iliyosafishwa. Kemikali nyingine mashuhuri kwa kazi hii, benzotriazoli, ni ya sumu na haifai kushikwa nyumbani.

Mahali ambapo haya yote yanakuwa na uzito wa historia ni Kilwa. Masultani wake walitoa sarafu ndogo za shaba zenye majina yao, kama Ali bin al-Hasan, na maneno ya pande mbili za sarafu huwa na vina, upande wa kwanza ukiitikiwa na wa pili. Zililala kwenye mchanga wa matumbawe wenye chumvi kwa mamia ya miaka. Katika sarafu iliyokaa ardhini hivyo, mara nyingi metali ya juu imekwisha yote kuwa kutu, na herufi hazimo tena ndani ya shaba. Zimo ndani ya tabaka jekundu la oksaidi, lililotunza umbo la uso wa kale wakati juu yake pamejaa kijani na chini yake metali imerudi nyuma. Itie kwenye ndimu. Kijani kitayeyuka, na wekundu nao utayeyuka, na utabaki na kidonge cha shaba chenye mashimo. Jina la sultani lilikuwemo kwenye ile kutu.

Mhifadhi anayejua kazi huketi na sarafu moja chini ya hadubini na kuondoa kijani cha juu chembe kwa chembe, akitumia kisu kidogo cha daktari, kijiti cha mwanzi au mwiba wa nungunungu, ambao ni mgumu wa kutosha kung'oa udongo na mwororo wa kutosha kutokwaruza shaba. Anasimama pale wekundu unapoanza. Ni kazi ya saa nyingi kwa kitu kidogo kuliko kifungo cha koti, na nathubutu kusema ni moja ya kazi adilifu zaidi katika sayansi zetu za mambo ya kale. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilifukuliwa sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000. Mengi tunayoyajua juu ya watawala waliozitoa yamesomwa kwenye nyuso hizo.

Basi mwenye sanduku la nyumbani afanye nini? Aondoe uchafu wa kweli, na aishie hapo. Udongo mkavu na vumbi huondoka kwa maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke na kurudishwa kuwa maji, yakaacha chumvi zake nyuma. Maji ya bomba yana klorini, na ya visima vya pwani mara nyingi yana chumvi. Yaliyotoneshwa hupatikana kwenye maduka ya dawa na kwenye maduka ya vipuri, kwa ajili ya kuongezea betri za magari, ila soma kibandiko kwa makini sana: asidi ya betri huweza kuwekwa rafu ileile. Tumbukiza sarafu, iache, itoe, iguse kwa kitambaa cha pamba bila kusugua, na uikaushe mpaka ndani ya herufi.

Mafuta, gundi na nta huondoka kwa asetoni safi. Asetoni haitoi wala kupokea elektroni za fedha au shaba. Huyeyusha vitu vya mafuta tu na kuruka hewani. Sharti iwe safi, kwa kuwa ile ya kuondolea rangi ya kucha huwa imetiwa manukato na mafuta. Tumia bakuli la kioo, dirisha likiwa wazi, mbali kabisa na jiko na kiberiti, maana hushika moto kwa mvuke wake. Sarafu ishikwe ukingoni, juu ya taulo lililokunjwa. Kidole kikigusa uso wa shaba mpya huacha chumvi na asidi za jasho, na alama yake huweza kujichora humo moja kwa moja.

Asetoni ina faida nyingine: huondoa ute wa kijani unaonata ambao watu wengi hudhani ni kutu. Hutoka kwenye albamu za plastiki laini ya PVC. Ili plastiki hiyo iwe laini hutiwa mafuta, na mafuta hayo huhama polepole kwenda kwenye sarafu. Nayo plastiki yenyewe, kwa joto na miaka, huachia asidi ya haidrokloriki. Jina kamili ni polivinili kloraidi, na kloraidi tumeshaijua. Jaribio la kuitambua ni la zamani na linavutia: pasha moto waya wa shaba, uguse nao kipande cha plastiki, kisha urudishe waya kwenye moto. Moto ukiwaka kijani, klorini imo. Lifanyie nje, upepo ukiwa nyuma yako, kwa sababu moshi wake ni mbaya. Vifuko vya polipropilini au poliesta havina shida hiyo.

Baada ya hapo kazi yote ni ukavu. Kopo la kioo lenye mfuniko unaobana, na ndani yake vifuko vya silika jeli, ile ya chembechembe inayokuja kwenye maboksi ya viatu, vinatosha kwa sanduku la familia. Jeli huvuta maji hadi karibu theluthi ya uzito wake, kisha hushiba, na baada ya kushiba haifanyi lolote. Ile yenye kubadili rangi hukuambia imeshiba lini, na hurudishwa ukavu kwa kuipasha taratibu kwenye oveni. Usifunge kwa mpira, usizungushie sufu wala gazeti, na usiitoe sarafu kwenye chumba chenye kiyoyozi na kuiweka papo hapo kwenye joto la nje, kwani itatoka umande.

Kuhusu zile za kale zaidi, zinazookotwa shambani au ufukweni baada ya mvua, kuna sheria. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda kitu chochote kinachohamishika kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na anayekigundua anapaswa kutoa taarifa. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi. Ukiokota sarafu ya namna hiyo usiioshe hata kwa maji. Iache na udongo wake, andika mahali hasa ulipoiokota na kina chake, iweke kavu, na uipeleke makumbusho iliyo karibu nawe.